RUZUKU NA JASHO: HISTORIA YA FEDHA ZA WAFADHILI ZILIZOJENGA SHULE ZA WAKULIMA

Ni desturi njema kwamba chama kinapotimiza umri wa miaka kumi huketi kitako na kuhesabu. Kurasa nyingine za kitabu hiki zimehesabu mazao, hisa na maghala. Kurasa hizi zimepewa kazi nyingine, nayo ni kuwakumbusha wanachama na viongozi historia ya jambo ambalo halikosi kutajwa katika mikutano mikuu ya wakulima, yaani ruzuku: fedha zitolewazo na mifuko ya hisani, na mashirika, na serikali, kwa vyama visivyotafuta faida, ili watu wa mahali wapate shule, zahanati, maji au mafunzo, pasipo kudaiwa kuzirudisha.

Katika jambo hili wanachama wamegawanyika. Wako wasemao kwamba chama kisichopata mfadhili ni chama kilicholala, na kwamba viongozi wake hawajui kuandika barua. Wako nao wasemao kwamba fedha ya bure huua ushirika, maana mtu hailindi mali asiyoitolea jasho. Pande zote mbili zastahili kusikilizwa. Lakini hoja isiyo na historia ni sawa na mizani isiyo na mawe. Basi na tutazame mfano mmoja mkubwa, ambao hesabu zake zimehifadhiwa hata senti, na ambao matawi yake yalifika mpaka Afrika Mashariki.

Mpango wa Tuskegee

Mfano huo watoka katika majimbo ya Kusini ya Marekani. Utumwa ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1865, walakini watoto wa Wamarekani Weusi, ambao wengi wao walikuwa watoto wa wakulima wa pamba na tumbaku, walisomea makanisani, katika vibanda na katika nyumba zilizochakaa. Sheria za majimbo hayo ziliwatenga na Wazungu, na fedha za shule zilizotoka katika kodi ziligawanywa kwa upendeleo mkubwa, hata mtoto Mweusi akapata sehemu ndogo tu ya kile alichopata mtoto wa Kizungu.

Katika jimbo la Alabama kilikuwako Chuo cha Tuskegee, kilichoongozwa na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa. Na mjini Chicago alikuwako tajiri mmoja, Julius Rosenwald, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck. Mwezi wa Agosti mwaka 1912 Rosenwald alitimiza umri wa miaka 50, akaadhimisha siku hiyo kwa kutoa sadaka kwa mashirika mbalimbali. Tuskegee ilipata dola 25,000 kwa ajili ya shule zilizotokana nayo. Fedha kidogo zikabaki, na Washington akamwomba mtoaji ruhusa ya kuzitumia kujenga shule sita ndogo za vijijini. Ruhusa ikatolewa.

Moja ya shule hizo ilijengwa mahali paitwapo Loachapoka, ikamalizika mwaka 1913. Hesabu yake yafaa kusomwa polepole na kila mweka hazina. Gharama yote ilikuwa dola 942. Rosenwald alitoa dola 300. Wazungu wa mahali pale walitoa dola 360. Wamarekani Weusi wenyewe walitoa dola 150 taslimu kwa ajili ya kununua kiwanja, na kazi ya mikono yao ikakadiriwa kuwa ya thamani ya dola 132. Kwa hiyo fedha ya mfadhili haikufikia hata theluthi moja ya gharama. Lakini bila hiyo theluthi, na bila sharti lililofuatana nayo, hizo sehemu nyingine mbili zisingalikusanyika.

Mwaka 1914 Rosenwald aliahidi dola 30,000 kwa shule mia moja. Washington akafariki mwaka 1915, lakini kazi haikufa pamoja naye. Mwaka 1917 uliundwa Mfuko wa Julius Rosenwald, ukapewa mamlaka ya kuieneza kazi hiyo katika majimbo mengine.

Masharti ya Ruzuku

Mfuko huo haukumpa mtu fedha kwa sababu ya kulia shida. Uliweka masharti, nayo yalikuwa yameandikwa wazi. Kwanza, kiwanja kisipungue ekari mbili, na hati yake iwe mikononi mwa halmashauri ya shule ya serikali ya mahali, ili jengo lisije likawa mali ya mtu mmoja. Pili, watu wa kijiji watoe mchango wao kwa fedha, kwa vifaa au kwa kazi. Tatu, serikali ya mahali nayo itoe fungu lake katika fedha za kodi, iajiri mwalimu na kuitunza shule daima. Nne, jengo lifuate ramani zilizokubaliwa, liwe na madawati, mbao za kuandikia na vyoo safi.

Ramani za kwanza zilichorwa Tuskegee, na msanifu wake mkuu alikuwa Robert R. Taylor, Mmarekani Mweusi. Kwa kuwa vijiji vile havikuwa na umeme, madirisha yalifanywa makubwa na kupangwa pamoja, na jengo likaelekezwa kwa namna ambayo mwanga wa jua uliingia mchana kutwa pasipo kumpiga mtoto machoni. Jambo hili ni dogo kwa kulitaja, lakini laonyesha kwamba msaada mzuri si fedha peke yake; una maarifa ndani yake, na maarifa hayo yakatolewa na watu wanaoyajua maisha ya kijijini.

Je, wakulima maskini walipata wapi mchango? Walifanya kama wafanyavyo wakulima kote duniani. Wengine walitenga kipande cha shamba la pamba, na mavuno yake yote yakawa ya shule. Wanawake walipika vyakula vikauzwa, wakafuga kuku kwa nia hiyo hiyo. Wenye misitu walitoa miti, na wenye magari ya kukokotwa wakaichukua. Katika kijiji kimoja cha Alabama, kama ilivyosimuliwa na mtumishi wa mpango huo, mzee mmoja aliyeyaona maisha ya utumwa alisimama katika mkutano, akatoa mfuko uliochakaa, akamimina mezani akiba ya maisha yake yote. Ilikuwa dola 38. Alisema alitaka watoto wa uzao wake wapate nafasi ambayo yeye hakuipata.

Kasoro na Hesabu

Tusidhani kwamba mambo yote yalikwenda sawasawa. Shule zilipoongezeka upesi, usimamizi ulishindwa kuzifuata. Uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa muongo ule ulionyesha kwamba baadhi ya majengo hayakujengwa kwa ufundi uliotakiwa, na kwamba hesabu hazikuwekwa kwa utaratibu wa kutosha. Matokeo yake, mwaka 1920 uongozi wa mpango uliondolewa Tuskegee, ukahamishiwa mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, chini ya ofisi iliyoajiriwa na Mfuko wenyewe. Hapa pana funzo kali. Watu wa Tuskegee ndio walioibuni kazi hiyo. Walakini uongozi wake uliwatoka mikononi, na udhaifu wa vitabu vya hesabu ulikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo.

Kazi iliendelea mpaka mwaka 1932. Jumla ya shule zilizojengwa ilikuwa 4,977, pamoja na nyumba 217 za walimu na karakana 163, katika majimbo 15. Kufikia mwaka 1928, shule moja katika kila shule tano za watoto Weusi katika vijiji vya Kusini ilikuwa imejengwa kwa mpango huo. Gharama zote zilikuwa dola 28,408,520, nazo ziligawanyika hivi: fedha za kodi, dola 18,104,155, michango ya Wamarekani Weusi, dola 4,725,871, Mfuko wa Rosenwald, dola 4,366,519, na michango ya Wazungu, dola 1,211,975.

Msomaji na azitazame tena tarakimu hizo. Shule ziliitwa kwa jina la tajiri, na mpaka leo zinaitwa hivyo. Lakini wakulima, vibarua na wafuaji nguo walitoa fedha nyingi kuliko yeye. Zaidi ya hayo, watu hao walikuwa wakilipa kodi kama raia wengine, nayo kodi hiyo ilikwenda zaidi katika shule ambazo watoto wao hawakuruhusiwa kuingia. Basi walilipa mara mbili: mara moja kwa lazima, na mara ya pili kwa hiari. Wengi waliliona jambo hili kuwa dhuluma, na ilikuwa dhuluma kweli. Ruzuku iliwapa shule, haikuwapa haki. Haki ilidaiwa kwa njia nyingine, mpaka mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba kutenga watoto wa shule za serikali kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Pia tuone mwisho wa Mfuko wenyewe. Mali yake ilikuwa katika hisa za kampuni ya Sears. Bei za hisa zilipoanguka baada ya mwaka 1929, mfuko uliokuwa mnene ukawa mwembamba. Rosenwald akafariki mwezi wa Januari mwaka 1932, na mwaka huo huo ujenzi wa shule ukakoma. Yeye mwenyewe hakutaka mali yake ikae milele. Alikuwa ameagiza itumiwe yote katika muda wa miaka 25 tangu kufa kwake, na Mfuko ukafunga milango mwaka 1948. Lakini shule hazikufungwa siku mfadhili alipoondoka, kwa maana tangu mwanzo zilikuwa na mwenyewe, na mshahara wa mwalimu haukutoka Chicago.

Kutoka Virginia mpaka Kabete

Jirani na Mfuko huo ulikuwako mwingine. Mwaka 1907 Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia, mwanamke wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani Weusi. Fedha zake hazikujenga majengo. Zililipa walimu wa kuzungukia shule, kuwasaidia walimu wengine, kufundisha usafi na kazi za mikono, na kuwakusanya wazazi. Wa kwanza alikuwa mwalimu Virginia Randolph, aliyeanza kazi hiyo katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, mwaka 1908.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita katika nchi za Afrika Mashariki kuchunguza elimu, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo siku hizi ni Ghana. Baada ya ziara hiyo, mwaka 1925, ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa ruzuku ya shirika la Carnegie la New York pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Walimu walikuja na wake zao na watoto, wakafundishwa kilimo, afya na usimamizi wa shule, kisha wakarudishwa kuzungukia shule za vijijini kama alivyofanya Virginia Randolph.

Kazi hiyo ilileta faida, lakini Waafrika wengi hawakuridhika nayo. Waliona kwamba mpango ulioletwa kutoka nje ulikuwa umekwisha kuamua mtoto wa Kiafrika asome nini na asimame wapi. Wao walitaka elimu ya kuwafikisha mbali zaidi. Kwa hiyo, katika miaka ya 1930, watu wa Kenya ya kati walijijengea shule zao huru kwa michango yao, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, ambaye yeye mwenyewe alisoma Marekani, katika chuo cha Hampton, ambako ndiko Booker T. Washington alikosoma. Chuo cha Githunguri hakikusimama kwa ruzuku bali kwa jasho la wananchi, nacho kilifungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari.

Mambo haya mawili, Kabete na Githunguri, yawekwe pamoja. La kwanza lilikuwa na fedha, lakini nia yake ilitungwa na wengine. La pili lilikuwa na nia ya wenyewe, lakini halikuwa na kinga. Kiongozi wa ushirika atafutaye ruzuku hana budi kutafuta njia ipitayo katikati: fedha ya mwenzake, kwa nia ya wanachama wake.

Ushirika Wetu na Misaada

Ushirika wenyewe ulianza bila mfadhili. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, nchini Uingereza, walifungua duka lao mwaka 1844 kwa rasilmali ya pauni 28, walizoziweka akiba kidogo kidogo. Walipopata ziada, baada ya miaka michache waliamua kutenga asilimia mbili na nusu yake kwa ajili ya elimu. Hivyo wakawa wafadhili wao wenyewe, na tangu hapo elimu imehesabiwa katika kanuni za ushirika ulimwenguni.

Hata hivyo vyuo vya ushirika katika Afrika Mashariki vilipata kuinuliwa kwa msaada. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianza mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu kamili. Nchini Kenya mafunzo ya wakaguzi wa ushirika yaliyoanza mwaka 1952 yalikua kuwa Chuo cha Ushirika, nacho kikawa chuo kikuu mwaka 2016. Katika miaka ya 1960 nchi za Nordiki, yaani Denmaki, Norwe, Uswidi na Ufini, zilileta fedha na wataalamu kuusaidia ushirika wa nchi hizi mbili. Wataalamu hao walirudi kwao zamani. Vyuo vingali vinafundisha. Na katika mwaka wa 1967, Azimio la Arusha lilionya kwamba taifa lisijenge matumaini yake ya maendeleo juu ya misaada na mikopo ya kigeni. Onyo hilo halikukataza kupokea, lilikataza kutegemea. Wazee walikwisha sema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mafunzo kwa Vyama vya Msingi

Kutokana na historia hii, mambo matano yafaa kukumbukwa na kila halmashauri kabla ya kuandika barua ya kuomba ruzuku.

La kwanza ni kutenganisha. Mifuko mingi ya hisani haitoi fedha kwa shirika linalogawa faida kwa wanachama wake. Chama Kikuu hununua na kuuza. Kwa hiyo kazi ya jamii, kama vile maji ya kijiji au maktaba ya shule, iwe na kamati yake, na akaunti yake, na vitabu vyake, isichanganywe kamwe na fedha za mazao.

La pili ni vitabu vya hesabu. Mfadhili huuliza kwanza hesabu zilizokaguliwa, kisha ndipo asome maombi. Chama kisicho na ukaguzi wa kila mwaka kisipoteze karatasi.

La tatu ni kuja na mchango mkononi. Watu wa Loachapoka walikuwa na kiwanja na nguvu zao. Kijiji kiwekacho mawe, mchanga na siku za kazi, na kuziandika thamani yake, kimekwisha kujibu swali ambalo mfadhili huliuliza daima: Je, watu wenyewe walitaka jambo hili?

La nne ni umiliki na matunzo. Kabla ya msingi kuchimbwa ijulikane hati ya kiwanja ni ya nani, na mshahara wa mtumishi na fundi wa pampu utatoka wapi ruzuku itakapokwisha. Maana hapana ruzuku isiyokwisha. Zahanati iliyofungwa kwa kukosa dawa ni hasara kuliko kiwanja kitupu, kwa sababu huwavunja watu moyo wasichange tena.

La tano ni sauti ya wanachama. Masharti ya mfadhili yasomwe katika mkutano mkuu, kwa lugha ambayo kila mwanachama aielewa, na kura zipigwe kabla ya mwenyekiti na mwandishi kutia sahihi. Sharti linalogeuza kusudi la chama likataliwe hata kama fedha ni nyingi. Kura moja kwa mwanachama mmoja ndiyo sheria yetu, na mfadhili hana kura.

Hesabu ya mwaka 1932 yatupa jibu kwa pande zote mbili za ubishi tuliouanza nao. Wale wapendao ruzuku wasiione aibu, kwa kuwa dola 4,366,519 za tajiri ziliwaita watu wengine na serikali zao kutoa mara tano na zaidi. Nao wale waitiliao shaka wasisahau kwamba shule hizo zilijengwa kwa sababu wakulima walitangulia kutoa chao, wakasimama imara katika kudai kilichobaki. Miaka kumi ya kwanza ya Chama chetu Kikuu ilijengwa kwa hisa na mazao ya wanachama. Kama miaka kumi ijayo italeta ruzuku, na ije. Lakini iukute mchango wetu umekwisha kuwekwa mezani, vitabu vyetu viko wazi, na mkutano mkuu umekwisha kukata shauri.